Mtachoka

Nilikupa jina la kuwatupia majirani.
Mwaka ule wa ugomvi wa mpaka, Dorika Chigwalu
alipohamisha minyaa usiku, hatua tatu kuja kwangu,
na Gulwe nzima ikawa na la kusema
juu ya mwalimu wa kike asiye na mume wala adabu,
nikawa nasimama uani kila jioni napaza sauti:
Mtachoka! Njoo, Mtachoka! Kula, Mtachoka!
Ukaja mbio, masikio makubwa kuliko kichwa,
hujui kwamba jina lako ni jiwe.

Miaka kumi na minne.

Nafsi ya pili, wingi, wakati ujao:
nimefundisha viambishi hadi chaki ikaingia kifuani.
Sikujua kwamba kitenzi nacho huzeeka,
hubadili mtenda kimyakimya.
Sasa ni wewe peke yako, na -ta- imekuwa -me-.
"Mtachoka amechoka," wajukuu wa Dorika wanacheka,
kisha wanauona uso wangu, wanaacha.

Wewe uliyeshindana na treni ya Kigoma
kutoka stesheni hadi darajani, kila safari ukashindwa,
ukarudi ulimi nje kama mshindi.
Wewe uliyerudi alfajiri moja shavu limechanwa na fisi,
na mbuzi wote kumi na mmoja wazima zizini.
Leo mbuzi haohao wamekukanyaga mkia, hukugeuka.
Macho yameingia rangi ya maji yaliyooshewa mchele.
Tumbo limejaa, na miguu ya nyuma
inasubiri ile ya mbele iamue.

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka Mpwapwa.
Kijana, Nyemo. Nilimfundisha darasa la tatu
akiwa bado anachanganya r na l.
Alikubonyeza taratibu, akaosha mikono mara mbili
ili asiniangalie.
"Ini, mwalimu. Sindano ninayo, hata haimuumizi.
Ukiwa taya..." Akalimeza neno. "Nipigie."
Namba yake niliiandika kwa chaki nyuma ya mlango.

"Mbwa ni mbwa," kaka yangu Masinga kasema kwenye simu,
"watu hawana dawa, wewe unatafuta ya mbwa."
Sikumbishia. Mimi pia nilizaliwa hapahapa,
nilikulia mlenda na ugali wa uwele,
na mbwa wetu wa wakati ule alikwenda kufia porini,
hakuna aliyeuliza yuko wapi.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiuona ufuko.
Lakini Kinyasungwe Oktoba hii ni ufuko mtupu,
mchanga kutoka ng'ambo hadi ng'ambo,
na wewe unazama ndani ya ngozi yako.

Jana jioni nilikuita, mazoea tu. Mtachoka!
Hukusikia. Akasikia Dorika.
"Tumeshachoka, mwalimu. Zamani."
Akapenya kwenye minyaa na bakuli la maziwa ya mbuzi,
akachuchumaa, yeye na magoti yake yale,
akakunywesha kwa kiganja.
Nusu ilimwagika. Hatukuzungumzia mpaka.
Akauliza tu, "Utamzika wapi?"
na kabla sijajibu akaonyesha kwa kidevu
zile hatua tatu.

Usiku huu upepo unatikisa bati.
Treni ya mizigo inapiga honi upande wa Godegode;
sikio lako moja linainuka, linafikiri, linashuka.
Simu ina chaji. Namba inasomeka hata kwa koroboi.
Kati ya -ta- na -me- ipo -na-,
fupi, watoto huiruka wakisoma haraka.
Nimekaa nayo sakafuni.
Unapumua.
Unapumua.
Unanuka pia, nisidanganye,
na mkono wangu uko palepale.