Wingu la Ng'ambo ya Mto

Jumanne, saa nane mchana, maktaba ya mji.
Aapo anaandika ubaoni: WINGU.
Ana miaka kumi na tisa na soksi zisizofanana.
Sisi wanafunzi wake tuko saba, wastaafu watupu,
makoti yetu yanadondosha theluji sakafuni.
"Nani ataniambia wingu ni nini?"
Pentti ananyosha kidole dirishani. Tunacheka.

Mimi, Irja, nilikuwa tarishi wa posta,
miaka thelathini na mmoja, kwa baiskeli,
na theluji ikizidi, kwa miguu.
Niliujua uzito wa posa na uzito wa deni
kabla bahasha haijachanwa.
Ndiyo maana usimbaji fiche haukunisumbua:
ni bahasha, nikasema, ila gundi yake ni hesabu,
tarishi akiiinua kwenye mwanga haambulii kitu.
Aapo akanyamaza,
kisha akayaandika ubaoni maneno yangu kama yalivyo.

Penye vidakuzi nilikwama.
Lugha yetu huku kaskazini imeviita masurufu,
kama mkate mweusi na samaki mkavu wa njiani.
Lakini masurufu hufunga mwenye safari.
Haya nimefungiwa na duka la viatu,
na kila nigeukapo, viatu vinanisubiri mlangoni.
"Ukibonyeza *kubali vyote*," Pentti akauliza, "umekubali nini?"
Aapo naye akajikuna kichwa.

Pakua: chungu kiko mbali, sahani iko hapa.
Sasisha: simu yangu hulala ikiwa yangu,
ikaamka ikiwa yao.
Algorithimu nililifananisha na lile kabati la vijitundu
tulilopangia barua alfajiri,
ila hili linakumbuka nani alisoma nini,
na polepole linaanza kukuletea
barua ambazo hakuna aliyekuandikia.

Akili mnemba.
Hiyo ilibisha kwangu kabla ya somo.
Novemba, simu ikalia: "Bibi, ni mimi, Eelis,
nimegonga gari la watu, nataka pesa sasa hivi."
Sauti yake. Kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuomba.
Mkono wangu ulishafika kwenye mkoba.
Nikauliza:
yule mbwa aliyening'ata karibu na kanisa, aliitwaje?
Kimya.
"Bibi, hakuna muda."
Eelis angecheka. Eelis analijua jina hilo
tangu alipokaa mapajani mwangu akiligusa kovu.
Nikakata simu, nikakaa sakafuni, na buti miguuni.
Nani alimshona mjukuu wangu upya, na kwa vitambaa vya wapi?

Nenosiri, Aapo, usinifundishe.
Langu lilikuwa na miguu minne, na lilizikwa zamani.

Basi, wingu.
Wingu liko ng'ambo ya mto,
ndani ya kiwanda cha karatasi alikofanya kazi Reino wangu
hadi siku walipozima mashine, wakampa saa ya ukutani.
Sasa mmejaa seva, safu kwa safu, zinavuma usiku kucha,
na hakuna atokaye humo na vumbi la mbao kwenye nyusi.
Walinzi wanne tu. Mmoja ni mtoto wa Pentti.
Seva hupata joto kwa kufikiri,
au kwa hicho kinachofanana na kufikiri,
na joto lake linapita mabombani, chini ya barabara,
hadi kwenye chuma cha kupashia sebule yangu.

Nilipoyasema haya, Pentti hakuonyesha tena dirishani.

Nimerudi nyumbani. Nimeanika soksi juu ya chuma hicho,
nimeweka kiganja.
Labda ni picha za harusi ya watu wa Lima.
Labda ni deni la mtu. Labda posa.
Labda ni ile sauti, inajifunza kukohoa.
Ninapima uzito, mazoea tu.
Soksi zinakauka vilevile.