Dramu ya Kijani

Usiitoe juani, alisema fundi Ndahani,
akiivua ile silinda kwenye karatasi yake nyeusi
kama anayemfunua mtoto wa siku tatu.
Nilirudishia mlango wa duka. Nje, Barabara ya Saba,
upepo wa Agosti ulikuwa unasukuma vumbi na mifuko
hadi kwenye ngazi za mahakama ya mwanzo.

Ilikuwa kijani. Kijani cha zabibu za Hombolo
kabla hazijaijua sukari.
Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi, bila kugusa:
chini kabisa bomba la alumini, la kawaida tu, kama la antena;
halafu ngozi ya kuzuia;
halafu tabaka linalokula mwanga likazaa chaji;
na juu yake tabaka la kuibeba chaji hiyo hadi usoni.
Ngozi zote tatu, ukizilaza pamoja,
hazifikii unene wa unywele wako, dada Sechelela.
Nikaushika unywele. Ulikuwa wa mvi.

Miaka kumi na minne nimetoa nakala bila kujua
kwamba mashine yangu huandika kwa kile kilichobaki gizani.
Waya humwagia dramu umeme, mwili mzima.
Taa inapita chini ya kioo:
weupe wa karatasi unarudisha mwanga, na umeme unatoroka.
Herufi hazirudishi kitu.
Pale zilipo, umeme unang'ang'ania,
na wino wa unga unakuja kuushika.
Cheti cha kuzaliwa, talaka, barua ya toleo ya kiwanja cha Nala,
vyote vimepita hapo,
kisha wembe wa mpira unapangusa, taa inafuta,
na dramu haimkumbuki mtu.

Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nehemia, mtoto wa marehemu kaka yangu,
alikuwa anasafisha mashine. Saa saba mchana.
Alivaa soksi safi mkononi, kama fundi alivyomfundisha,
akaitoa nje aione rangi yake vizuri,
akaishika hivyo, juani,
akicheka uso wake ulivyorefuka mle kama wa mbuzi.
Dakika ngapi? Chai yangu haikuwa imepoa.

Kuanzia jioni ile kila nakala ilitoka imefifia
isipokuwa mahali pamoja:
mkono. Mkono wa mtu aliyevaa soksi,
gumba upande huu, vidole vinne vimeshikana upande ule,
ukijirudia mara tatu hadi mwisho wa karatasi.
Nje ya mkono, maneno yalikuwa majivu.
Ndani yake yalisomeka.

Karani alizirudisha. Mzee mmoja kutoka Mvumi
aliuliza kama nimeanza kuweka muhuri wangu
kwenye shamba lake.
Nikamfokea Nehemia maneno ambayo
hayana wembe wa kuyapangusa.

Dramu mpya ilikuwa bado iko Dar, wiki ya tatu,
alipopata kazi ya kufunga nyaya za reli, Kilosa.
Wakataka nakala ya cheti chake cha kuzaliwa.
Nikamwambia nenda kwa jirani, wana mashine nzima.
Akasema, hapana shangazi, toa hapa hapa.
Ikatoka. Jina lake hafifu, tarehe hafifu,
hospitali huwezi kuiona.
Jina la baba liliangukia chini ya gumba:
Masima Chilewa, jeusi tii,
kama limeandikwa leo asubuhi.
Hatukusema kitu. Alikunja, akaondoka na basi la saa tisa.

Ndahani alipokuja na dramu mpya
alitaka ya zamani, alumini ina bei.
Nikamwambia ngoja nje kidogo, mbukwa, kunywa soda.
Nikafunga dirisha, nikazima taa ya duka,
nikaacha kifuniko wazi, bila karatasi juu ya kioo,
nikabonyeza.

Ikatoka ya kijivu yote, ya moto,
na ile mikono mitatu, myeusi zaidi, ikishika hewa.