Mfuko wa Kulia

Mwezi wa saba, baridi ya Moshi haiulizi umri.
Bibi Ndekirwo alipiga simu kutoka Uru:
"Mkwe, mifupa yangu imeanza kusemezana usiku."
Akakata. Hakuomba kitu. Hajawahi kuomba.

Nikaenda Kiboriloni kwa fundi Mwantumu
anayeuza mabaki kwa kilo, kama maharage.
Nikarudi na kiroba begani:
pindo za sare za kwaya, zambarau iliyochoka kuimba,
shingo ya gauni la mtu nisiyemjua,
pazia la maua ambalo bila shaka limeona mengi,
na kitenge chenye nusu ya jogoo.

Tukasogeza meza, tukamwaga sebuleni.
Aikande alimtafuta jogoo nusu yake ya pili
mpaka saa nne usiku. Hakuipata.
Akampa mkia wa samaki.

Cherehani yetu ni ya miguu,
kipepeo chake kimefutika bawa moja.
Ukiwa na haraka, inakata uzi.
Ukiibembeleza, ukaitia tone la mafuta
(ya cherehani, Elisante, si ya kupikia!)
inakimbia kama imesikia ikiitwa jina.

Ndani tuliweka blanketi la kijivu nililosomea bweni,
lenye namba yangu ya wino: mia moja na kumi na nne.
Iko humo hadi leo, juu kitenge, chini shuka,
kama nyama ndani ya sambusa.

Pembeni pakabaki tundu, ukubwa wa kiganja.
Nikasema, kesho tutatafuta kiraka.

Asubuhi nikakuta tundu limezibwa
kwa kitambaa cheusi kizuri, kizuri mno,
mishono ya mkono ikipanda na kushuka kama njia ya Kibosho,
na katikati yake, kifungo.
Mfuko. Mfuko wa nyuma, upande wa kulia,
wa suruali ya kanisani ya baba yao,
ambaye yuko Geita, na anaijua suruali ile
kuliko anavyoijua tarehe ya ndoa yetu.

Elisante, miaka tisa, mkasi bado mkononi:
"Bibi hana mahali pa kuweka miwani."

Nilifungua kinywa. Nikakifunga.
Nikatunga uzi mweusi, nikapita juu ya mishono yake,
si kuifumua, kuikazia tu.
Yapo makosa ambayo mtu huyapiga pindo.

Jumapili tukapanda Uru na mzigo wetu.
Bibi aliupapasa mfarishi kipande kwa kipande,
midomo ikicheza bila sauti.
Hakusema asante. Alisema, "Huyu jogoo anaumwa?"
Kisha mkono wake ukafika kwenye mfuko, ukasimama.
Akafungua kifungo. Akatia miwani,
vidonge vya presha, simu, pipi mbili za tangawizi.
Akafunga. Akapigapiga juu yake
kama apigwavyo mgongo mtoto aliyeshiba.
"Na wa kushoto uko wapi?"

Desemba baba yao akarudi.
Akaitoa suruali kabatini, akaivaa,
akageuka mbele ya kioo, akageuka tena.
Ghafla kila mtu akawa na kazi jikoni.
Hakuuliza. Alivaa koti refu, juu ya jasho lote la Krismasi.

Uru, alikaa kwenye kitanda cha mama yake
kumwamkia, kiganja kikatua pale pale.
Akatazama. Akaingiza vidole viwili taratibu,
kama anayetafuta yai chini ya kuku,
akatoa sarafu ya mia mbili.

"Hii ni yangu. Niliiacha humu Pasaka."
"Ndiyo," akasema Bibi, akinyoosha mkono, "nilikuwa nakutunzia.
Sasa endelea kunitunza na wewe."

Sisi tulikuwa tunasoma kalenda ukutani.
Sarafu ilirudi mfukoni, kifungo kikafungwa.
Akanyamaza kitambo, akijipapasa kalio la kushoto,
kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama nimekuja na mkasi.