Herufi Zenye Meno

Baba alizichonga kwa mtufaha ulioangushwa na radi,
herufi ishirini na saba,
hata Ñ, yenye pembe juu ya kichwa.
S ilijipinda kama mjusi aliyekanyagwa.
M ilikuwa taya.
O aliitoboa katikati mpaka ikawa kinywa
cha mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Mbona zina makovu?" nilimuuliza. Nilikuwa na miaka tisa.
"Mpita njia ana haraka zake, Etelvina.
Herufi laini haimshiki shati."

Kazi ilitoka Sinema Esperanza:
filamu ya mizuka, Jumamosi, usiku wa manane.
Xuacu mwenye sinema alitaka bango
la kumfanya hata padri avuke barabara.
Alilipa nusu pesa, nusu tiketi.
Bonde zima likaja kuucheka woga wake,
wachimba makaa mstari wa mbele, nyuso zimesuguliwa,
ila kope; kope hazitakati,
ungedhani wametiwa wanja waende harusini.

Tarakimu baba hakuchonga.
"Mizuka haihesabiwi," alisema,
akafagia vumbi la mti.

Kisha Februari.
Kisha king'ora kisichojua kunyamaza.
Maji yalivunja ukuta wa handaki la tano,
na Don Celedonio wa gazeti akaingia karakanani,
vifungo vya koti vimekosea matundu.
"Herufi zangu za risasi ni ndogo. Nipe zile."
"Zile ni za kuchekesha."
"Belarmino. Sina nyingine."

Nilishika taa.
Neno la kwanza likasimama mezani, meno nje,
wala halikumtisha mtu:
lilikuwa limeogopa lenyewe.

Halafu nafasi tupu. Mbili.
"Wangapi?"
"Thelathini na mmoja."

Hatukuwa na tatu. Hatukuwa na moja.
Baba akachukua kipande kilichosalia cha mtufaha uleule,
patasi ileile,
na mkono ukagoma.
Nilimwona akianza jino la kwanza kwenye mgongo wa tatu,
akasita,
akapiga msasa, akapiga tena,
mpaka ikawa laini kama bega la mtoto
aliyetoka kuogeshwa.
Moja aliichonga wima, bila hila yoyote.

Asubuhi watu walisoma kwa vidole, wino haujakauka.
Oliva, jirani yetu, aliweka dole gumba juu ya ile moja.
"Huyu," alisema, "ndiye wangu."
Akaondoka na weusi wake kidoleni,
na siku tatu hakunawa mkono huo.

Jumanne baba alichonga nne.
Ijumaa, sita.
Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuuliza,
maana walioko chini walikuwa wa maji sasa.

Siku hizi vijana hunijia kutoka Gijón,
nywele za kijani, pete puani, adabu tele,
kuniazima herufi za mabango ya muziki wao.
Nawapa, A hadi Z. Bado zinauma vizuri.
Juzi mmoja akavuta droo ya chini, akakuta nne zimelala
ndani ya kitambaa cha meza.
"Hizi mbona hazitishi?"

Nikairudisha droo taratibu.
Akaniambia wanahitaji tarehe.

Andikeni kwa maneno, nikamwambia.