Hatua Ishirini

Kipanya nilikisogeza saa tatu usiku,
mshale ukafika saa tatu na dakika moja.
Ndivyo ilivyokuwa wiki nzima, studio yangu ya Kirumba:
naomba, nangoja, kiduara kinazunguka
kama mtu anayetafuta funguo katika suruali ya jana.

Na kesho mazishi, Misungwi.
Picha ya marehemu ni hii, ya kitambulisho cha kiwanda cha pamba,
upana wa kucha mbili,
muhuri umepita begani, kutu ya pini kwenye paji.
Watoto wanaitaka kubwa, ya kubebwa mbele ya jeneza,
shati liwe suti,
ukuta wa nyuma uwe buluu,
na kovu la shavuni, alisema Lukelesha, kifunguamimba,
"hilo liondoe kabisa."

Tabaka juu ya tabaka, arobaini na sita.
Nikigusa kovu, mashine inaganda.
Mara tatu nimegusa. Mara tatu imeganda.
Mdogo wangu akanong'ona: mzee hataki.
Nikamwambia mzee alikuwa mpima pamba, kompyuta hazijui;
kamwite Kwilasa.

Kwilasa alikuja na bisibisi mdomoni, hakusalimu.
Akaweka sikio ubavuni mwa mashine
kama mkunga.
"Inahema," akasema. Akafungua.

Wadudu wa ziwa!
Wale wanaosimama juu ya maji kama moshi wa kijiji kisichokuwepo,
upepo ukigeuka tunazima taa, tunafumba midomo.
Walikuwa humo, wakavu kama majani ya chai,
wamejaa kati ya mapanga ya feni,
wameshikana na vumbi, wamekuwa blanketi.
Nami mwaka mzima nailaumu programu.

Akaomba brashi. Ninayo ya kupakia maharusi poda;
akaichukua, akasugua.
Juu ya prosesa akapaka dawa mpya, tone,
kama mtu anayebania dawa ya meno.
Akachomeka RAM ya pili, ya mtumba, nusu taslimu, nusu deni.
Kisha akaingia kwenye mipangilio, akacheka.
"Umeruhusu kurudi nyuma hatua elfu moja?
Mashine inabeba kila kosa lako, dada.
Kila ulichofuta, kila ulichojutia.
Nani atakimbia na mzigo huo?"
Akaandika ishirini.
Nikaona aibu, kana kwamba kaniona nikilia.

Saa sita kasoro, kazi ikawa maji.
Suti ikakaa mabegani. Buluu ikatanda.
Kovu lilitoka kwa pigo moja,
sikupata hata muda wa kulitazama.
Nikanyoosha kola, uzi kwa uzi,
nikang'arisha macho, nikapunguza mvi,
nikalala kwenye benchi la wateja.

Alfajiri, hodi. Si Lukelesha; mama yake,
khanga kiunoni, vumbi hadi magotini.
"Mwangaluka."
Aliitazama skrini
hadi nikadhani imeganda tena.
"Huyu ni nani?"
Akaweka kidole shavuni, pale penye ulaini.
"Hapa mnyororo wa mzani ulimkatikia.
Mimi ndiye niliyemkanda, maji ya chumvi, asubuhi na jioni.
Alikuwa hajanioa bado."

Nikarudi nyuma. Mvi. Macho.
Kola, uzi kwa uzi kwa uzi,
na ishirini ikaishia kwenye kola.
Kovu lilikuwa mbali zaidi ya hapo.

Nikainua kifuniko cha skana.
Picha ndogo bado ililala kifudifudi juu ya kioo.
Gari la Misungwi, akasema, linaondoka saa nne.
Akavuta kigoda, akaketi karibu, karibu sana.
Feni ilikuwa kimya.
Mashine inanisubiri mimi.