Usiipoze kwa Maji

Mafinga, Julai. Sakitu imelala juu ya mabati
kama unga uliomwagwa na mtu asiyejali.
Chengula ameegesha tela tangu saa kumi na moja,
injini inanguruma, hataki kuizima.
Magogo yanamngoja Sao Hill, anasema,
mnunuzi anamngoja Morogoro.

Anataka nguzo nane za nondo, milimita thelathini na mbili,
zisimame ubavuni mwa tela, zishike misindano.
"Chomelea tu, fundi. Chuma ni chuma."

Si kweli, Chengula.
Nondo ilizaliwa ilale ndani ya zege,
isahaulike humo, nyumba ya watu ikiwa juu yake.
Ukiitoa nje ukaiambia ibebe msitu
ukiteremka Kitonga,
lazima kwanza uibembeleze.

Basi naipasha. Makaa kwenye rimu kuukuu,
Tulinagwe anapuliza hadi machozi yanamtoka.
Natema mate: yakikaa, bado.
Yakiruka yakilia *chwa*, tayari.
Fito za kuchomelea zimelala juu ya jiko la mke wangu
zisinywe umande. Amenuna.
Anasema ugali wake siku hizi unanuka duka la vyuma.

Kisha kioo usoni, na dunia nzima
inakuwa tone moja la kijani, linatambaa.
Sipumui. Nagonga gaga, napiga mswaki, narudia.

Nguzo ya tatu, Tulinagwe kaona dereva anakunja uso;
kachukua ndoo, kamwagia maji ili tuwahi.

*Ti.*

Sauti ndogo, kama kucha kwenye sahani.
Chengula hakusikia, injini yake ilikuwa inaongea.
Ufa mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
Na rangi ya fedha ninayo, kopo zima, pale rafuni.

Nililitazama kopo. Sitadanganya, nililitazama.

Kisha nikachukua grenda nikaikata,
cheche zikamrukia kijana viatuni, hakusogea.
"Lete majivu," nikamwambia. "Debe zima."
Tukazifukia nguzo, moja moja, kama viazi,
zipoe kwa muda wake zenyewe.

"Saa ngapi hizo?" Chengula akauliza.
"Hadi ziseme."

Akatukana kidogo. Akaenda akazima injini.
Ndipo tukasikia jinsi asubuhi ilivyokuwa kimya,
na mwenye haraka akarudi, akachuchumaa,
akanyoosha viganja juu ya lundo la majivu,
akaota moto.