Maji ya Alhamisi

Hapa Umoja maji huja Alhamisi, saa tisa usiku.
Mfereji hukohoa kwanza, hutema kutu,
kisha hutulia, kama mtu aliyekubali.
Naamka, najaza mitungi kumi na mmoja:
mitatu ya kupikia, mmoja wa choo,
saba ya mikono.

"Mikono ya nani hiyo?" dada yangu Mumbua aliuliza
aliporudi kutoka zamu ya kiwandani.
Yangu. Yako, kabla hujagusa kitasa.
Ya kila mtu anayebisha akisema
amekuja kumjulia hali Syokau.

Jumanne huja Nafuna, muuguzi wa hospisi,
mkoba begani, viatu mkononi.
Alinionyesha: kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole,
chini ya kucha, hesabu mpaka ishirini.
Nahesabu kwa Kikamba, imwe, ili, itatu,
kwa kuwa ni Mama aliyenifunza,
akinikunja vidole kimoja kimoja
juu ya ungo wa kunde.

Kidonda cha mgongoni ni kidogo, sarafu ya shilingi kumi.
Nakichungulia asubuhi na jioni
kama anayechungulia moto kwa jirani:
umepanda? umelala?
Shuka nazipiga pasi pande zote mbili.
Kipimajoto nalala nacho chini ya mto.

Shangazi Ndulu alileta parachichi nne,
akanywa chai, akaninong'oneza jikoni:
kile kikombe cha bluu kiwe chake peke yake,
msije mkaambukizana.
Nafuna aliposikia alicheka hadi akashika meza.
"Saratani haina miguu ya kupanda kikombe.
Wa kuogopa ni yeye.
Sisi ndio tunaomletea mji mzima kwenye vidole,
noti za sokoni, reli ya ngazi, simu."

Maneno hayo niliyameza mazima. Nikageuka askari.
Mutinda wa Mumbua, miaka sita, kamasi zikimtoka,
siku kumi na tisa nilimweka nje ya mlango.
Alipitisha michoro kwa chini:
lori, lori, lori lenye mabawa.
Niliianika juani kabla ya kumpa bibi yake.

Jumatano Mama akaniita. Sauti yake siku hizi
ni ya kuokotwa, neno moja hapa, jingine kule.
"Mnanitunza," alisema. "Mnanitunza safi,
mnipeleke kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ndoo.

Nafuna, kwenye simu: kamasi zimekauka? homa hana?
Basi sabuni, barakoa, aingie.

Mtungi ulikuwa wa mwisho wa wiki.
Nilimmiminia kwa kopo, akahesabu kwa sauti,
akaruka saba, nikamrudisha moja.
Kitandani Mama alimsikia,
na ishirini waliifikia pamoja.

Aliingia mikono juu, kama daktari wa upasuaji,
kama mwizi aliyekamatwa,
maji yakimchuruzika viwikoni,
akaweka kiganja kwenye paji la bibi yake.

Nilisogea na taulo.
"Iache," Mama alisema. "Iache hivyo hivyo, imelowa."

Nikabaki katikati ya chumba
na taulo langu kavu, lililopigwa pasi pande mbili,
nikisikiliza kama mfereji utakohoa mapema.